Makosa Matatu Kabla ya Chai

Senje yangu Kageha hanywi chai kabla hajaharibu kitu. Akiamka ananawa uso kwenye karai, anachukua simu yake iliyopasuka kioo pembeni na kile kiti kifupi cha jikoni, anaenda kukaa kwenye kona ya nyumba chini ya mabati, kwa sababu mtandao hufika pale tu. Kwingine msitu unaukata. Hapo anafungua programu ndogo aliyoiandika mwenyewe jana yake, inayofanya kazi vizuri kabisa, halafu anaivunja. Anatoa alama moja, au anabadilisha jina, au anachukua mstari wa tano anauweka wa pili. Anabonyeza. Kisanduku kinakuwa chekundu. Anasoma vile mashine imesema, midomo ikitembea, kisha anarekebisha. Anafanya hivyo mara tatu. Ya tatu ikiisha anaita akiwa huko huko nje, "Weka majani!" Ndipo majani ya chai yanaingia kwenye sufuria.

Mama mmoja anayepeleka maziwa barabarani aliwahi kuniuliza polepole kama senje anaombea simu.

"Hapana," nikamwambia. "Anakosea."

"Anakosea nini?"

"Makusudi."

Akaniangalia, akamwangalia senje, akabeba mtungi wake akaenda.

Senje ni dada ya baba. Nakaa kwake tangu nilipoachia shule kidato cha kwanza. Haya ninayoandika, mengine niliyaona, mengine alinisimulia yeye tukichambua mboga, na mengine nilipewa na Naliaka, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye kwao ni chini ya kwetu tu, ukivuka kijito.

Mwaka jana senje alikuwa bado anafundisha kompyuta katika shule ya kutwa iliyo njia ya kwenda Buyangu. Jina la shule sitaliandika. Hakuwa mwalimu wa serikali. Alikuwa ameandikwa na bodi, na mtu wa bodi huweza kuondolewa kwa barua ya mistari miwili. Alikuwa na kompyuta kumi na nne na wanafunzi thelathini na mmoja wa kidato cha nne, na mtihani wa vitendo ulikuwa unawangoja Oktoba. Katika mtihani huo mtoto anakaa mbele ya mashine peke yake. Senje alikuwa anataka kitu kimoja tu mwaka ule: kila mmoja wa wale thelathini na mmoja akae pale, mashine imkatae, na yeye ajue la kufanya.

Zamani alikuwa anafundisha kwa chaki. Alichora kibodi ubaoni, watoto wakaichora kwa daftari, wakakariri hatua moja hadi saba kama tarehe za historia. Halafu mashine ikikataa hatua ya pili, wote wanakwama. Ndiyo maana alipopata mtandao mmoja wa mazoezi ya kuandika programu aliupenda sana. Mwanafunzi anasoma somo fupi, anaandika mwenyewe, anabonyeza, na anajibiwa hapo hapo. Umepata, kisanduku kinakuwa kijani. Umekosa, kinakuwa chekundu, na chini yake kuna maneno ya kukuambia ulipojikwaa. Mwalimu naye ana ukurasa wake ambapo anaona darasa lote, kila mtu na mstari wake wa visanduku. Wanafunzi waliuita ukurasa huo shamba, kwa sababu visanduku vilijipanga kama miwa ukiitazama kutoka barabarani.

Muhula wa kwanza shamba lilikuwa kijani lote. Mistari thelathini na mmoja, hakuna doa. Kila Ijumaa senje alisoma majina ya waliojaza mstari na darasa likawapigia makofi, na kila Ijumaa ilikuwa ni wote, kwa hivyo walikuwa wanajipigia wenyewe.

Prinsipo wa shule, Bwana Osiako, alifurahi kupita kiasi. Na sitamsema vibaya bure, maanake zile kompyuta kumi na nne alizitafuta kwa miguu yake, ofisi hadi ofisi, kutoka Kakamega mjini mpaka Mumias, akiomba zile ambazo watu wanataka kutupa. Alichukua ukurasa ule akaenda nao mjini ukapigwa chapa kwa rangi, akautia fremu, akautundika ofisini juu ya kiti chake. Mgeni akiingia anaonyeshwa kwanza shamba, ndipo anaulizwa shida yake.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Madam Musimbi wa hesabu, rafiki ya senje, alimwuliza katika ofisi ya walimu, "Kageha, hawa watoto wako wa mia kwa mia, mbona wakifika kwangu wanakuwa wa kumi na nane?"

"Labda hesabu zako hazina rangi," senje akamjibu.

Walimu wakacheka. Senje aliniambia kwamba yeye pia alicheka, na kwamba kicheko hicho kinamuuma mpaka leo.

Mwezi wa sita kukhu ya Naliaka alikufa, bibi mzaa baba, huko Mautuma. Naliaka akaenda matanga siku nne. Siku ya kwanza asipokuwepo, senje alifungua shamba jioni akaona visanduku vya siku ile viko vitupu. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Akafikiri mvua imeangusha mtandao. Siku ya pili vitupu tena. Siku ya tatu hakukaa mezani kwake. Alivua viatu, akapita nyuma ya viti polepole.

Mikono yote ilikuwa mapajani.

"Titus," akasema, "kwa nini huandiki?"

Titus ni mtoto mrefu wa mkata miwa mmoja wa huku, anayejua kucheka na kila mtu. "Madam, mtandao umelala."

Senje akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza. Somo likafunguka mara moja. "Umeamka," akasema. "Haya, andika."

Titus akatazama kioo kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake mbele ya polisi. Akainua kibodi ili aisogeze, na chini yake kukatokea karatasi. Senje akaichukua. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, somo la kumi na tisa lote, la kabla ya matanga, jibu kwa jibu, na pembeni kulikuwa na vema nyekundu. Akainua kibodi ya jirani. Karatasi. Akazunguka chumba kizima akiinua kibodi, na kila chini ya kibodi kulikuwa na karatasi, na vema zote zilikuwa za mkono mmoja. Mwandiko wa Naliaka, wenye mikia.

"Nani atanieleza?" akauliza.

Kisha Tracy wa mbele, ambaye huongea akitazama meza, akasema, "Madam, hiyo ni rafu."

Hapa kwetu kila aliyesoma, hata aliyesoma kidogo, anajua mambo ya rafu na safi. Tangu darasa la tatu una daftari mbili. Kwa ile ya rafu unafanya vile unajua, unakata, unafuta kwa mate mpaka karatasi inatoboka. Halafu unatafuta mwenye akili akupitishie, ndipo unanakili kwa safi. Safi ndiyo mwalimu anaona. Ukikata neno kwa safi, unaenda kupiga magoti nje kwa changarawe, na wanaopita wanakuuliza umeiba nini. Mimi nilikaa shule kidogo, lakini hilo sijasahau.

Sasa hawa watoto waliona kompyuta ina jina la kila mtu, ina rangi, na mwalimu anaiona yote kwa ukurasa mmoja. Wakaifanya daftari safi. Kila jioni waliandika masomo ya kesho kwa rafu, Naliaka akazisahihisha zote, na asubuhi wakaja kunakili. Mashine haikuwahi kuona kosa hata moja. Ilikuwa imewekwa ili iwaambie wanapokosea, na wao walikuwa wanakosea kwingine kote isipokuwa mbele yake.

"Lakini kukosea hapa hakuna kiboko," senje akasema. "Inakuambia tu."

"Inakuambia, halafu inaandika," Titus akasema. "Madam, si ni wewe unasomanga majina Ijumaa? Na shamba liko kwa prinsipo. Nani atakubali shamba la baba yake liwe jekundu hapo ukutani?"

Watoto wakacheka kidogo. Senje hakucheka, na hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha Naliaka kilichokuwa kitupu. Akasema, "Basi kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye nilipiga makofi."

Naliaka aliporudi kutoka matanga, kichwa kimenyolewa, senje alimwita kando, akamwuliza kwa nini alikubali kazi ile. Naliaka si mtu wa maneno. Alisema, "Madam, mimi nilikuwa nasahihisha watu thelathini. Mimi mwenyewe, ni nani alikuwa ananisahihisha?"

Wiki hiyo hiyo senje alifanya jambo ambalo wengi waliona ni wazimu. Katika ukurasa wa mwalimu kuna mahali pa kuanzisha darasa upya. Aliwakusanya wote, akapabonyeza mbele yao. Shamba lote likafutika. Naliaka anasema kuna msichana alitoa sauti kama ameona sahani ikianguka.

"Sasa sikieni," senje akasema. "Kuanzia leo hakuna mtu atatoka katika chumba hiki bila nyekundu tatu. Siangalii kijani. Nyekundu tatu, na unasimama unatuambia mashine imesema nini. Si kwa Kiingereza chake. Kwa maneno ambayo kukhu yako angeelewa."

"Na asiyekosea?" Tracy akauliza.

"Atatafuta kosa. Yako mengi, hayawezi kuisha."

Halafu akaandika jina lake mwenyewe juu kabisa ya orodha, kama mwanafunzi wa thelathini na mbili. Ndipo ikaanza ile desturi ya asubuhi. Alitaka mstari wake uwe ndio wenye nyekundu nyingi kuliko yote, na uwe umejaa kabla wao hawajafika, ili mtoto akifungua akute mwalimu ametangulia kuanguka.

Siku za kwanza walikosea kwa aibu, wakiziba kioo kwa mkono. Kisha ikawa kama mchezo. Mtu akisimama, wengine wanamwimbia, "Imesema niniii?"

"Titus, leo imekutukana aje?" mwenzake akauliza.

"Imesema mstari wa nne, ati haijui Jumla ni mtu gani."

"Kwani ni mtu gani?"

"Ni yangu! Nimeitumia kuhesabu."

"Ulimtambulisha?" senje akauliza. "Wewe umeleta mgeni, umemwingiza mpaka jikoni, hujasema anaitwa nani wala ametoka wapi. Hapa kwetu mgeni kama huyo anapewa kiti?"

"Anaulizwa kwanza."

"Basi ndiyo mashine imekuuliza. Kwani ni matusi?"

Tangu siku hiyo, mtu akifanya kosa la namna hiyo, darasa lilisema tu, "Mgeni hajatambulishwa," na mwenye kosa akapanda juu ya programu yake kumtambulisha. Mpaka mwisho wa mwezi wa saba shamba lilikuwa limejaa nyekundu, lakini ukifuata mstari mmoja kwa kidole ungeona nyekundu, nyekundu, nyekundu, kijani. Nyekundu, kijani. Senje alinionyesha jioni moja. Alikuwa anafuata mstari wa Titus kwa ncha ya kisu cha mboga.

Bwana Osiako hakufuata kwa kidole. Alifungua ukurasa kwa kompyuta yake, akaona rangi, akatuma mtu amwite. Wenye ule mtandao walikuwa wanatafuta shule moja huku kwetu ya kupewa kompyuta ishirini mpya, na wageni wao wangekuja Septemba kuona kazi. Ripoti ingetiwa sahihi na mwalimu wa somo.

"Mwalimu Kageha, shamba limeshikwa na ugonjwa gani?"

"Halina ugonjwa, Bwana Osiako. Sasa ndiyo wanasoma."

"Rudisha ile ya kwanza."

"Haiwezi kurudi. Niliifuta."

Akashika paji la uso. "Haya. Basi mpe Naliaka siku mbili awajazie kama kawaida."

Senje akauliza, "Kama kawaida? Kwani ulijua?"

"Mwalimu, niko katika shule miaka ishirini na tisa," Bwana Osiako akasema, na hakusema kwa ubaya. "Kila darasa lina Naliaka wake. Hivyo ndivyo shule za watu wadogo zinasongea mbele. Fikiria kompyuta ishirini. Fikiria watoto watakaokuja."

"Nafikiria waliopo. Oktoba Naliaka atakaa kwa kiti kimoja tu."

"Kwa hivyo unakataa."

"Nimekataa, mkubwa."

Akavuta droo. "Ufunguo wa maabara utalala hapa. Utauchukua wakati wa vipindi vyako, utaurudisha kengele ikilia. Asubuhi na jioni sitaki mtu huko ndani. Na mtihani ukiisha, bodi haitakuhitaji."

"Mtihani ukiisha," senje akasema. Akaweka ufunguo kwenye droo mwenyewe.

Alifika nyumbani akapika obusuma, ugali mgumu mpaka mwiko ukasimama, akala. Kisha akasema, "Jumamosi tutahitaji viti." Sikuuliza vya nani.

Jumamosi walikuja kumi na wawili. Jumamosi iliyofuata ishirini na watano. Ule mtandao hufunguka hata kwa simu, kwa hivyo kila mtoto alikuja na simu aliyoazima kwa mzazi, nyingine zimefungwa kwa raba ili betri isidondoke. Walikaa kwenye kona ile ya nyumba, chini ya mabati, kwa sababu ndipo mtandao ulipo, wamebanana kama kuku wakati wa mvua. Waliokosa nafasi walisimama nyuma wakishika simu juu, wanabonyeza, wanashusha kusoma. Na kwa sababu simu zilikuwa za wazazi, ziliita.

"Haro! Wee Titus, mwambie mama yako ng'ombe ya Mumias imezaa!"

"Mama hayuko, shangazi. Niko darasani."

"Darasa gani Jumamosi, mrongo wewe! Peana simu kwa mama!"

"Shangazi, ngoja, iko nyekundu..."

"Nini iko nyekundu? Ndama?"

Wote wakaanguka kucheka, hata senje. Lakini shangazi alipokata, alisema tu, "Titus, imesema nini?" na Titus akarudi kwa mstari wake. Mvua ya saa tisa ilipokuja waliingia ndani, mtandao ukapotea, na senje akawafanya waandike kwa vidole juu ya unga aliotandaza mezani, mmoja anakuwa mwanafunzi na mwingine anakuwa mashine. Naliaka alikuwa mashine mkali kuliko zote. Alikataa kumwambia mtu jibu. Alisema mstari na kosa, basi. Nilimwona Tracy akimsihi kwa macho, na Naliaka akatazama dari.

Septemba wageni walikuja, wawili, na gari jeupe. Bwana Osiako aliwaketisha chini ya ile fremu ya kijani. Senje aliletewa ripoti, imeshaandikwa yote kwa mashine: darasa limepata mia kwa mia tangu Januari. Alisoma, akaomba kalamu. Akakata ile mia kwa mstari mmoja, akaandika kando yake hesabu ya kweli kuanzia Juni, nyekundu ngapi na kijani ngapi, akatia sahihi chini ya maandishi yake. Alikata katika karatasi safi, mbele ya wageni. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani. Walisema wataandika barua. Bwana Osiako aliwasindikiza mpaka kwenye gari, na aliporudi alimpita senje kwa korido kama anapita nguzo.

Madam Musimbi alimfuata senje nje. "Kageha, ungetia tu sahihi. Ungeangalia upande mwingine."

"Ningewaambia nini wao Jumatatu? Mashine imesema nini?"

Oktoba ikafika. Siku ya mtihani wa vitendo senje alipewa ufunguo alfajiri ili aandae mashine, akazijaribu zote kumi na nne, kisha akatolewa. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuwa karibu. Alikaa ng'ambo ya uwanja, kwenye ukingo wa stoo ya jikoni, pamoja na Madam Musimbi. Kutoka hapo dirisha la maabara linaonyesha vichwa tu, na si vyote.

Zamu ya kwanza iliingia. Waliketi. Senje aliona kichwa cha Titus, kwa sababu ya urefu wake, na nusu ya uso.

Nusu saa ikapita. Titus akaacha kuandika. Senje alijua kwa mabega: yalishuka, mikono ikarudi mapajani, kama ile siku ya Juni. Titus mwenyewe aliniambia baadaye kilichotokea. Alikuwa ameandika fomula ya kujumlisha mavuno ya wakulima, akaishusha mpaka chini, na jedwali lote likamrudishia alama ya reli, ile #, na neno la Kiingereza kwa herufi kubwa, kisanduku hadi kisanduku, kama kuta kumi na tano. Anasema kwanza aliinua kibodi. Mkono ulifanya wenyewe. Chini ya kibodi hakukuwa na kitu, vumbi tu.

Akatazama upande wa Naliaka. Naliaka alikuwa viti vitatu mbele, mgongo umenyooka, na hakugeuka.

Ng'ambo ya uwanja, senje alikuwa ameshika goti la Madam Musimbi bila kujua.

"Unaniumiza," Musimbi akamwambia.

"Ngoja. Angalia midomo."

Midomo ya Titus ilikuwa inatembea. Hakuna sauti iliyofika, lakini senje alijua maneno. Imesema nini. Imesema kuna mahali nimepataja na hapapo. Mahali gani? Safu niliyoifuta. Nani alifuta? Mimi. Mabega yakapanda. Mikono ikarudi juu ya meza. Kwa muda ule hakuna mtu aliyekuja karibu naye. Senje akaachilia lile goti.

Zamu ya pili na ya tatu ziliingia na kutoka. Alasiri mvua ikanyesha kama kawaida yake, umeme ukayumba mara moja na kurudi. Walipotoka wa mwisho, hawakumkimbilia senje wala kupiga kelele. Walisimama chini ya ukingo wa maabara, na Tracy, yule anayeongea akitazama meza, akamtazama usoni akasema, "Madam, nilipata nyekundu saba."

"Ukabaki na ngapi?"

"Moja. Muda uliisha. Lakini najua ilisema nini."

"Inatosha," senje akasema. "Nendeni nyumbani kabla mto haujajaa."

Yeye akafunga maabara, akaenda ofisini kwa Bwana Osiako. Alikuwa hajabeba kitu isipokuwa ufunguo na simu. Bwana Osiako alikuwa amekaa, amevua tai. Mlango ulikuwa wazi na katibu wake alikuwa hapo akipanga faili, ndiyo maana maneno haya yalitembea shule nzima na kufika mpaka kwetu kabla senje hajayasema.

Senje aliweka ufunguo mezani.

Bwana Osiako hakuuchukua. Aliusukuma kidogo kwa kidole, kurudi upande wa senje. "Msimamizi ameniambia leo hakuna mtoto aliyeinua mkono kuomba msaada. Ni mara ya kwanza." "Kidato cha tatu nao ni wako. Utawaachia nani? Naweza kuongea na bodi, Mwalimu. Barua bado haijaandikwa."

Senje anasema hapo moyo wake ulienda kwa kidato cha tatu, mmoja mmoja. Aliwaona.

"Nitabaki," akasema. "Lakini kwanza toa hiyo kitu ukutani."

Bwana Osiako akageuka akatazama fremu juu ya kiti chake. Mistari thelathini na mmoja, kijani tupu. Chini yake alikuwa ametundika picha za wageni wakiwa wameketi. Aliitazama muda mrefu, mpaka katibu akaacha kupanga faili.

"Hiyo ndiyo wazazi wanajua," akasema mwishowe.

"Najua."

"Nikiitoa wataniuliza."

"Watakuuliza. Utawajibu."

Hakuinuka. Mkono wake ulienda kwenye ufunguo, ukaukunja ndani ya kiganja, na droo ikafunguka ikafungwa.

Senje akasema, "Asante kwa zile kompyuta kumi na nne, Bwana Osiako. Hazikutupwa." Akatoka. Alipita ofisi ya walimu bila kuingia, ingawa sweta yake ilikuwa kwenye kiti na kikombe chake kwenye kabati. Alipita maabara. Mlinzi wa geti, Joash, alimwambia mvua bado, mwalimu, ngoja ipungue. Senje alimwambia ahsante, akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia barabarani kwenye maji mekundu yanayotoka upande wa msitu. Joash anasema alisimama getini akimwangalia mpaka kona, akifikiri atarudia mwavuli.

Kikombe bado kiko kwenye kabati. Madam Musimbi ameniambia mara mbili nije nikichukue. Senje amesema kikae.